Upepo wa Mombasa haufagii moshi, unauhamisha

Siku hizi kuna picha inayozunguka kwenye simu za watu wa Mombasa. Ni skrini ya programu ya hali ya hewa, ina duara la kijani na tarakimu ndogo ya uchafu wa hewa katikati, na chini yake mtu ameandika kwa majigambo kwamba sisi wa pwani twavuta hewa safi, wa Nairobi wavute moshi wao. Mara nyingine picha hugeuka. Kati ya Januari na Machi duara huweza kuwa la manjano au rangi ya chungwa, na hapo maelezo hubadilika ghafla: ni ukungu wa bahari, ni vumbi la Uarabuni, ni simu mbovu. Kila mwamba ngoma ngozi huivutia kwake. Naona wanaojisifu na wanaojitetea wanakosea mahali pamoja. Tarakimu moja haiwezi kueleza hewa ya Mombasa, kwa sababu Mombasa haina hewa moja. Ina hewa ya kusi na hewa ya kaskazi, hewa ya adhuhuri na hewa ya alfajiri, na juu ya hayo ina mitaa inayopokea upepo na mitaa inayopokea kile ambacho upepo umekizoa njiani. Ukiuliza kama Mombasa ni safi umeuliza swali lisilo na jibu. La kuuliza ni nani anapelekewa moshi, mwezi gani, na saa ngapi.

Mabaharia wa majahazi wana maneno mawili ambayo yangetufaa sana. Upande wa chombo unaokabili upepo ni goshini, na ule upepo unakoelekea ni demani. Tukiutazama mji wetu kama chombo kilichotia nanga, Nyali, Bamburi na Mji wa Kale ziko goshini karibu mwaka mzima, maana kusi na kaskazi zote mbili hutujia kutoka upande wa bahari. Magati ya Kilindini, matangi ya mafuta, mitambo ya umeme ya Kipevu na barabara kuu ya malori, vyote vimekaa magharibi mwa kisiwa na ng'ambo yake. Kusi ikivuma, moshi wa huko huelekea Chaani, Port Reitz, Magongo, Changamwe na Mikindani. Kaskazi ikivuma, moshi uo huo huvuka maji kwenda Mtongwe na sehemu za Likoni. Hakuna hata msimu mmoja ambao upepo mkuu unautoa bandarini kuupeleka Nyali. Sisemi kuna mtu aliyeketi akapanga hivyo. Meli zilifuata kina cha maji ya Kilindini, reli iliyoanza kujengwa 1896 ikaunganisha bandari na bara, viwanda vikafuata reli, na wafanyakazi wakajenga karibu na kibarua. Lakini matokeo yake ni kwamba mji una demani ya kudumu, na wakazi wake si wachache.

Kusi ndiyo iliyotupa sifa ya hewa safi, na sifa hiyo haikuzushwa. Kuanzia Aprili au Mei upepo hugeuka na kutoka kusini mashariki, ukiwa umesafiri maelfu ya kilomita juu ya Bahari ya Hindi mara nyingi bila kukutana na mji, kiwanda wala shamba linalochomwa. Huja na mvua za mwaka, yaani masika, na Mei ndiyo huongoza. Mvua huteremsha vumbi, upepo husukuma kilichobaki, na mchana mawimbi hupiga kwenye miamba hadi chumvi yaingia majumbani. Wanaojisifu kwa duara la kijani mwezi wa Julai wana haki yao. Niliwahi kupanga chumba Chaani, dirisha lake likitazama barabara ya malori, wakati shangazi yangu alikuwa akikaa Nyali. Wiki moja ya Julai nilimsaidia kufuta vioo kwake, kisha nikafuta vyangu. Kitambaa cha Nyali kilitoka na ukungu mweupe uliokauka ukawa kama unga, na ukiuonja ni chumvi tupu. Cha Chaani kilikuwa na chumvi hiyo hiyo, lakini imechanganyika na masizi, nayo ilitoka kijivu na kuteleza vidoleni kama grisi. Ilikuwa kusi ile ile, safi ile ile ilipotoka baharini, ila baina ya dirisha la shangazi na langu ilikuwa imepitia bandarini.

Chumvi ndiyo inayowapa nguvu wale wasemao kwamba vipimo vinadanganya, na hoja yao si ya kutupwa. Vipimo vingi vya bei nafuu hufanya kazi kwa mwanga: hewa huvutwa ndani, miale hupita, na chembe zinahesabiwa kwa jinsi zinavyoutawanya mwanga. Chembe ya chumvi hupenda maji. Unyevu wa hewa ukipanda, kama unavyopanda kwetu usiku na alfajiri, chembe hiyo hunywa mvuke na kuvimba, na kipimo hudhani kimeona uchafu mkubwa kuliko uliopo. Mtu akiniambia kipimo kilichotundikwa ufukweni bila kurekebishwa kwa unyevu kinatia chumvi kwenye habari, namwamini. Nisichokubali ni kuruka kutoka hapo hadi kusema hakuna moshi. Chumvi ina tabia yake: huongezeka mawimbi yanapochafuka na upepo unapokaza. Moshi wa mjini tabia yake ni kinyume, hujikusanya upepo unapolala. Kwa hiyo kipimo kikipanda adhuhuri ya Julai bendera zikipepea, shuku chumvi. Kikipanda saa mbili usiku mwezi wa Februari, jani la mnazi halitikisiki, chumvi haina la kujitetea tena.

Kaskazi ni habari nyingine kabisa. Kuanzia Desemba hadi Machi upepo hutoka kaskazini mashariki, na hewa inayotufikia imepita karibu na Uarabuni, Somalia na Bara Hindi wakati ambao huko ni kiangazi kikavu au majira ya baridi yenye moto na moshi mwingi. Mwaka 1999 wanasayansi wa nchi mbalimbali walifanya utafiti mkubwa baharini na angani uitwao INDOEX, wakaonyesha kwamba katika miezi hiyo wingu la moshi na chembechembe kutoka Asia ya Kusini hutanda juu ya sehemu kubwa ya kaskazini ya Bahari ya Hindi, na kushuka kuelekea kusini hadi kwenye ukanda ambapo pepo za kaskazi na za kusi hukutana. Miezi hiyo ukanda huo uko kusini mwa ikweta, na Mombasa, iliyoko nyuzi 4 hivi kusini, mara nyingi huwa upande wa kaskazini wake. Wazee wa pwani walijua zamani kwamba kaskazi huleta utusitusi, na upeo wa bahari hauonekani wazi kama wakati wa kusi. Tena ndiyo miezi mikavu, na Februari na Machi wakulima wa Kilifi na Kwale huchoma magugu kutayarisha mashamba kabla ya mwaka. Kwa hiyo yule asemaye kwamba sehemu ya uchafu wetu ni mgeni hakosei.

Anakosea anapomaliza hapo. Hoja ya mgeni hupendwa kwa kuwa yatupumzisha: kama ni moshi wa watu wengine, hakuna la kufanya ila kufunga dirisha na kungoja Aprili. Lakini mgeni aliyesafiri siku nyingi baharini hajui saa zetu. Wingu kutoka mbali huja na kukaa siku mbili, tatu, wiki, likipanda na kushuka taratibu, na hulifunika Nyali kama linavyolifunika Changamwe. Kinachopanda jioni watu warudipo kazini, kikabaki juu usiku, kikafikia kilele alfajiri majiko yanapowashwa, kisha kikaporomoka saa nne asubuhi, hicho ni chetu. Tofauti hii haihitaji maabara, inahitaji kipimo kinachoandika kila saa na mtu mwenye subira ya kukisoma. Mgeni ameinua sakafu, na sisi tukaongeza rundo letu juu yake, na rundo hilo ndilo tuna uwezo nalo.

Sasa nije kwenye usiku. Watu huzungumzia kusi na kaskazi kana kwamba ndizo pepo pekee, wakasahau umande, upepo wa usiku utokao nchi kavu. Jua likizama nchi kavu hupoa haraka kuliko bahari, na hewa iliyopoa, ikiwa nzito, huteremka polepole kutoka miinuko ya Rabai na Mazeras kufuata mabonde hadi kwenye maji ya Tudor na Port Reitz. Ni upepo dhaifu, hauwezi hata kutikisa kanga kambani. Wakati wa kusi mara nyingi haupati nafasi, upepo mkuu humeza kila kitu. Wakati wa kaskazi, na zaidi katika maleleji, zile wiki za Machi na Aprili na tena Oktoba na Novemba ambapo upepo haujui uende wapi, umande hutawala hadi asubuhi. Hewa baridi hulala chini, ya joto ikakaa juu yake kama kifuniko cha sufuria, na chochote kinachofuka chini hubaki chini. Moshi wa Jomvu, Miritini na Changamwe hutambaa kuelekea kisiwani badala ya kwenda bara. Na huko kaskazini, taka zikiungua Mwakirunge, usiku moshi wake huweza kushukia Utange na Bamburi, watu ambao mchana hujiona wako goshini. Jua likipanda bahari hujibu kwa matlai, upepo wa mchana utokao baharini, na sehemu ya moshi uliotolewa baharini usiku hurudishwa mjini asubuhi. Tumeuvuta ukitoka, twauvuta ukirudi.

Hili nililifahamu kwa mama mmoja pale Chaani aliyekuwa akikaanga mahamri. Alfajiri karai lake lilikuwa barazani mbele ya nyumba, na moshi wa mkaa ulikwenda zake barabarani. Ikikaribia saa tatu alimwita kijana wake, wakabeba jiko zima hadi uani. Nilipomuuliza kwa nini asikae mahali pamoja, alicheka. "Mwanangu, upepo una zamu," akaniambia. "Saa hii huu hapa waingia ndani kwangu. Kusi ikija nitakaa pengine tena." Ana ratiba ya hewa iliyo sahihi kuliko duara lolote la simu, na aliipata kwa kukohoa.

Ukijua zamu hizo, jioni ya kaskazi inatisha kidogo. Malori yanatoka bandarini na kusimama foleni Changamwe na Miritini, injini zikiunguruma bila kwenda. Vibanda vya mishkaki, viazi karai na mihogo vinawasha mkaa. Mwenye plot anachoma mifuko ya plastiki na majani pembeni mwa ukuta kwa sababu gari la taka halijapita. Mahitaji ya umeme hufikia kilele jioni, na ndipo mitambo ya mafuta mazito, kama ule wa Kipevu III wenye megawati 120 uliozinduliwa 2011, huitwa zaidi kazini. Yote hayo hufanyika kifuniko kikianza kushuka. Na kwa kuwa joto la Februari halivumiliki, watu hulala madirisha wazi, wengine na mlango wazi. Wakati wa kusi, hewa ikiwa safi, tumejifungia ndani kwa mvua, tena na mkaa ulionyeshewa unaofuka zaidi ya kuwaka. Hali ya hewa hutupanga vibaya mara mbili.

Rudi sasa kwenye duara la kijani. Baadhi ya programu za simu hazina kipimo chochote Mombasa, huchukua makadirio ya kompyuta zinazoigawanya dunia katika miraba, na mojawapo ya mifumo inayotumiwa sana duniani ina miraba yenye upande wa kilomita 40 hivi. Kisiwa chetu kina kilomita za mraba zipatazo 14. Kaunti nzima, pamoja na watu wake 1,208,333 waliohesabiwa 2019, inaweza kuingia ndani ya mraba mmoja na bado ikabaki nafasi kubwa ya bahari na mikoko. Tarakimu inayotoka hapo ni wastani wa gati, ufuo, jaa la taka na maji matupu. Ni sawa na kuchanganya chai ya nyumba kumi kwenye ndoo moja kisha kumwambia kila mwenye nyumba kiasi cha sukari aliyokunywa. Shirika la Afya Duniani lilipopunguza viwango vyake 2021, likisema wastani wa mwaka wa chembe laini usizidi mikrogramu 5 kwa mita ya ujazo na wa siku usizidi 15, lilikuwa likifikiria mapafu ya mtu, na mapafu hayakai kwenye wastani wa mraba.

Kuna hoja moja dhaifu kuliko zote, nayo huisikia kwa watu waliosoma. Wasema Changamwe na Jomvu ni maeneo ya viwanda, waliokwenda kuishi huko walijua, na anayetaka hewa safi ahame. Kwanza haina ukweli wa kihistoria, maana viwanda na makazi vilikua pamoja. Kiwanda cha kusafisha mafuta cha Changamwe kilichoanza kazi 1963 na kuacha kusafisha 2013 kilihitaji watu wa kukiendesha, nao walihitaji pa kulala. Pili, mahakama zetu zimeshaijibu. Wakazi wa Owino Uhuru, kule Mikindani, waliishi ukutani mwa kiwanda kilichoyeyusha betri kuukuu, madini ya risasi yakaingia katika hewa yao, udongo wao na damu za watoto wao. Mwaka 2020 Mahakama ya Mazingira na Ardhi iliwapa fidia ya shilingi bilioni 1.3, na baada ya kuyumbishwa katika rufaa, Mahakama ya Juu iliirejesha hukumu hiyo Desemba 2024. Hakuna jaji aliyewaambia wangehama. Haki ya mazingira safi katika Katiba ya 2010 haikuandikwa kwa ajili ya walio goshini peke yao.

Hoja ya riziki ni nzito zaidi na sitajifanya siioni. Mombasa ni bandari. Septemba 2022 serikali mpya iliporudisha hapa shughuli za kuondoa mizigo zilizokuwa zimepelekwa Nairobi na Naivasha kwa reli, watu walishangilia, nami nilikuwa miongoni mwao, kwa sababu nilijua vijana waliokuwa wamekaa barazani miaka mitatu. Malori yana familia nyuma yake. Lakini kutetea riziki hakulazimishi kutetea kila bomba la moshi. Chukua meli. Tangu Januari 2020 sheria za kimataifa zimeshusha salfa katika mafuta ya meli kutoka asilimia 3.5 hadi 0.5, hatua kubwa kweli. Hata hivyo asilimia 0.5 ni sehemu 5,000 kwa milioni, ilhali dizeli ya magari Kenya iliwekewa kikomo cha 50 mwaka 2015. Meli iliyofunga gati huendelea kuwasha jenereta zake mchana na usiku kwa taa, pampu na majokofu, ikichoma mafuta yanayoruhusiwa salfa mara 100 ya kikomo hicho cha malori. Umeme wa Kenya kwa sehemu kubwa sana ni wa mvuke wa ardhini, maji, upepo na jua. Kuivutia meli waya kutoka gatini hakumwondolei mtu kibarua hata mmoja.

Yanayofuata kutokana na haya yote ni mambo ya kalenda na saa zaidi ya mambo ya fedha. Pendekezo ninalolisikia kila msongamano unapozidi ni kwamba malori yatembee usiku tu, mji upumue mchana. Kwa msongamano ni wazo zuri. Kwa hewa, kati ya Desemba na Machi, ni kuchukua moshi uliokuwa ukisambazwa na matlai ya adhuhuri na kuuweka chini ya kifuniko cha umande, juu ya watu wa Jomvu waliolala madirisha wazi. Lori hilo hilo likipita saa saba mchana lina madhara tofauti na likipita saa tisa usiku. Vivyo hivyo askari wa kaunti wanaokataza kuchoma taka: wakiwa wachache, waache kuzunguka Juni, waweke nguvu zao kwenye jioni za Februari na katika maleleji. Na vumbi la barabara lishughulikiwe mvua ikiisha tu, kabla matope yaliyomwagika kandokando huko Miritini hayajakauka na kusagwa na matairi. Mvua tunayodhani imetusafisha huwa imetuwekea akiba ya vumbi la Agosti.

Haya yote yaweza kupimwa, wala si kwa gharama ya kutisha. Kaskazi ijayo ikianza, kiwekwe kipimo kimoja Nyali karibu na ufuo, kimoja Chaani, kimoja Mtongwe na kimoja Jomvu, virekebishwe kwa unyevu, na viandike kila saa hadi kusi itakapokwisha. Kama mistari minne itakwenda pamoja mwaka mzima, na wa Chaani usipande saa moja jioni mwezi wa Februari kupita wa Nyali, basi wale wa duara la kijani wako sahihi na mimi nimeandika upuuzi, nami nitaandika tena kusema hivyo.